Kukanyaga Mafuta Sote Tunajua. Je, Kusimama?

Wengi wetu tunapenda spidi, lakini ni wachache tuliowahi kukaa chini tukajifunza kuitawala. Mhariri wako anasimulia jinsi jioni moja ya mvua Bunju ilivyotaka kuitikisa ndoa yake, na jinsi ndoo tupu za rangi zilivyomrudisha kwenye kiti cha pembeni.

Hebu jibu swali hili kwa ukweli, hakuna anayekusikia. Mpenzi wako akishika usukani na wewe ukakaa pembeni yake, huwa unafanya nini? Unasinzia? Unachezea simu? Au mguu wako wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo, mkono umeng'ang'ania mpini wa juu ya mlango, na midomo inasoma dua kimyakimya?

Mimi nilikuwa huyo wa mwisho. Kwa miaka miwili ya ndoa nilikanyaga breki ya hewani kutoka Posta hadi nyumbani kwetu Bunju, takriban kilomita 30, na sikuwahi kusema kitu. Mume wangu ni mtu mpole kweli. Ofisini wanamsifu kwa utulivu, nyumbani hapandishi sauti. Lakini mpe ile Altezza yake nyeusi na barabara iliyo wazi, utamkana. Wanaoijua Barabara ya Bagamoyo wananielewa. Foleni ya Mwenge inakukausha, ya Tegeta inakumaliza, halafu ukishayapita malori ya saruji ya Wazo na kukaribia Boko, njia inafunguka na mguu wa kulia unaanza kuwasha. Hapo ndipo wanaume wengi, na wanawake pia tusijidanganye, wanapotaka kufidia muda wote walioupoteza kwenye foleni.

Ijumaa moja ya Aprili, masika yamepamba moto, tulikuwa tunakaribia nyumbani. Spidi ilikuwa kama 90 hivi, mahali ambapo sheria inasema 50. Mbele yetu daladala ikasimama ghafla kushusha abiria, bila hata taa ya kuonyesha. Mume wangu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote na papo hapo akakata usukani kushoto. Nyuma ya gari ikatuzunguka. Tuligeuka kama pia, mara moja na nusu, tukasimama pembeni ya barabara pua ikiangalia Tegeta tulikotoka, hatua mbili tu kutoka kwenye meza ya mama muuza samaki.

Hakuna aliyeumia. Gari halikupata hata mkwaruzo. Yule mama alitutazama, akashika mwavuli wake vizuri, akasema, "Poleni wanangu." Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Jumatatu asubuhi nilitoka nyumbani mapema nikapanda daladala. Jumanne pia. Nilifanya hivyo mwezi mzima, wakati gari letu linaelekea mjini kiti cha pembeni kikiwa kitupu.

"Mke wangu, si nilishaomba msamaha?" aliniuliza usiku mmoja.

"Msamaha nimekupa mume wangu, toka moyoni. Ila mguu wangu haujakusamehe."

Mkorofi na mwoga, ugonjwa mmoja

Kabla hujamhukumu mume wa mwenzio, nikwambie na upande wangu. Mimi nina kigari changu kidogo, na kila nikikiendesha nilikuwa naenda 40 popote pale, mikono imebana usukani hadi vidole vinaniuma. Nilikanyaga breki kila nilipoona kivuli. Wenye haraka walinipigia honi, bodaboda walinichomekea, wengine walitanua pembeni kwa hasira. Nilijihesabu kuwa dereva mwangalifu. Kumbe nilikuwa mwoga, na barabarani mwoga hayuko mbali sana na mkorofi. Wote wawili hawajui gari lao linaweza nini na haliwezi nini.

Aliyetufumbua macho ni mfanyakazi mwenza wa mume wangu. Wikiendi kijana huyo ni msoma ramani kwenye mbio za magari, yaani yule anayekaa kiti cha pembeni na daftari, akimtajia dereva kona zinazokuja. Alikuja nyumbani kutupa pole. Nilitegemea atamkaripia rafiki yake. Badala yake alimuuliza swali moja tu.

"Kaka, ukiwa kilomita 60 kwa saa, ukakanyaga breki mpaka mwisho, gari lako linasimama baada ya hatua ngapi?"

Kimya. Akanigeukia mimi. "Na wewe shemeji?"

Kimya zaidi.

"Basi bado hamjui kuendesha," alisema akicheka. "Mnajua kusafiri tu."

Alikuwa na kiwanja kikubwa upande wa Mabwepande, kimezungushiwa uzio, changarawe imeshindiliwa vizuri, ujenzi bado. Tukakubaliana Jumamosi asubuhi. Masharti yake yalikuwa matatu: hakuna mtoto wala mtazamaji ndani ya uzio, mikanda imefungwa, na spidi haipiti 50 mpaka yeye aseme. Gharama yake? Ndoo 12 tupu za rangi tulizoomba kwa fundi.

Somo la kwanza: Kaa vizuri, tazama mbali

Somo la kwanza hata injini haikuwashwa. Alitupanga vitini. Mume wangu alikuwa amelaza kiti utadhani yuko Coco Beach anasubiri mihogo. Mimi nilikuwa nimeukumbatia usukani. Wote tulikosea.

Kaa hivi. Mgongo wote uguse kiti. Kanyaga breki mpaka chini, na goti lako bado libaki limekunjika kidogo. Nyoosha mkono juu ya usukani bila kunyanyua mabega: kifundo cha mkono kiwe kinatua juu ya usukani. Kisha shika pale palipo namba 9 na namba 3 za saa ya ukutani. Ukikaa hivyo unaweza kugeuza usukani nusu mzunguko bila kuachia, na mgongo wako unahisi gari linapoanza kuteleza hata kabla macho hayajaona.

Halafu macho. Alipanga ndoo mstari mmoja, akasema tupite katikati yake kama nyoka kwa kilomita 20. Niligonga ya kwanza. Niligonga ya pili. Sababu ni kwamba nilikuwa naitazama ndoo ninayoiogopa. Mikono hufuata macho, na gari hufuata mikono. Ukikitazama kitu unachokiogopa, unakwenda kukigonga. Ukitazama upenyo unaotaka kupita, unapita. Nilipoanza kuangalia ndoo ya tatu wakati napita ya kwanza, nilimaliza mstari wote bila kugusa hata moja.

Somo la pili: Kusimama

Hapa ndipo mume wangu aliponyamaza kabisa. Watu wengi tunaamini ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kusimama nao unaongezeka mara mbili. Sivyo. Breki zikishashika, umbali unaongezeka mara nne.

Piga hesabu nami. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda takriban mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kuhamisha mguu. Tayari mita 14 zimekwenda. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, breki zinahitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla 28. Sasa weka kilomita 100. Sekunde ya kwanza inakula mita 28, na breki zinahitaji kama 55. Jumla ni zaidi ya mita 80, karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira. Hiyo ni lami kavu. Kwenye mvua, changarawe au mchanga, ongeza tena.

Jingine tulilogundua ni kwamba wote wawili hatukuwahi kukanyaga breki mpaka mwisho maishani, isipokuwa siku ile. Magari mengi tunayoagiza Japan yana mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge. Ukikanyaga kwa nguvu, pedali inatetemeka na kunguruma mguuni. Mara ya kwanza niliogopa nikaachia, nikidhani nimeharibu kitu. Ndiyo kosa wanalofanya wengi. Mtetemo ule maana yake mfumo unafanya kazi. Endelea kukanyaga, macho yaelekee unakotaka kwenda, na usukani bado unakusikiliza.

Tulirudia zoezi hilo asubuhi nzima. Kilomita 30, kanyaga, simama, shuka, pima kwa hatua. Kilomita 40, vivyo hivyo. Mwisho akatupa mchezo: kabla hujaondoka, taja ndoo utakayosimama pembeni yake. Mume wangu alitaja ya nne, akasimama ya saba. Mimi nilitaja ya saba, nikasimama ya nne. Tulicheka mpaka machozi, lakini somo liliingia. Yeye alikuwa anajiamini kuliko uwezo wake, mimi nilikuwa na uwezo kuliko ninavyojiamini. Kuanzia siku ile ndivyo tulivyopima maendeleo yetu. Swali halikuwa tena umekwenda kasi gani. Lilikuwa je, ulichotaja ndicho kilichotokea?

Somo la tatu: Tairi ni mshahara

Wiki iliyofuata alikuja na bakuli la plastiki na limau moja. Akaliweka bakuli kwenye dashibodi, limau ndani. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka kiwanja bila limau kuruka nje.

Inaonekana kama mchezo wa watoto, kumbe ndiyo siri ya madereva wakubwa. Umewahi kusimama ndani ya daladala iliyojaa? Dereva akifunga breki, wote mnakwenda mbele. Akiondoka, mnarudi nyuma. Akikata kona, mnalaliana ubavuni. Uzito wa gari nao unafanya hivyohivyo juu ya matairi manne. Kila tairi linagusa ardhi kwa eneo la ukubwa wa kiganja chako tu. Ukishtua usukani au breki, unauhamisha uzito ghafla, na kiganja kimojawapo kinabaki hakina cha kushikilia. Ndiyo maana bingwa wa dunia wa Formula 1 wa miaka ya 1969, 1971 na 1973, Jackie Stewart wa Scotland, alisifika kwa ulaini wake kwenye usukani. Ukimtazama ungedhani hana haraka.

Halafu akatupa mfano ambao sitausahau. Mshiko wa tairi ni kama mshahara. Unaweza kuutumia wote kwa kodi ya nyumba, au wote kwa michango ya harusi, au ugawe nusu kwa nusu. Huwezi kuutumia wote mara mbili. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna kilichobaki cha kukata kona.

Mume wangu alishika kichwa. "Ndicho nilichofanya siku ile."

Ndicho alichofanya. Alitumia mshahara wote kwa breki, papo hapo akadai mwingine kwa usukani. Mvua nayo ilikuwa imeshakata nusu. Na kulikuwa na jambo la nne, tulilogundua siku hiyohiyo msoma ramani alipoinama kuangalia matairi ya nyuma. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Matairi yetu ya nyuma yalikuwa na miaka tisa. Tuliyanunua mitumba kwa sababu kashata zake zilikuwa bado zinaonekana nzuri na bei ilikuwa poa. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji.

Somo la nne: Ingia taratibu, toka na nguvu

Kona ndiyo inayomtofautisha dereva na mpiga kelele. Utaratibu ni huu. Maliza breki wakati gari bado limenyooka. Achia breki polepole unapoanza kugeuza. Macho yaende kwenye sehemu ya kutokea, si kwenye boneti. Usianze kuongeza mafuta mpaka usukani uanze kunyooka, na kadiri unavyonyooka ndivyo unavyoongeza.

Anayeingia kona kwa kasi anatoka akihangaika. Anayeingia taratibu anatoka gari limetulia, na ndiye anayekuwa mbele mwisho wa njia iliyonyooka. Mume wangu alipinga. Tukapima kwa saa ya simu. Mizunguko mitatu ya fujo, mizunguko mitatu ya utulivu. Ile ya utulivu ilishinda yote mitatu, na limau lilibaki bakulini.

Angalizo: kwenye mashindano dereva anatumia upana wote wa njia, anaanzia nje, anagusa ukingo wa ndani, anamalizia nje. Barabarani unao upande wako tu. Upande wa pili kuna lori.

Somo la tano: Maji

Siku ya mwisho msoma ramani aliomba boza la maji akamwaga kona moja ya kiwanja mpaka ikawa tope jepesi. Tulikwenda kilomita 25 tu, na gari liliteleza vizuri kabisa.

Kuna kuteleza kwa aina mbili. Kigari changu, kinachovutwa na matairi ya mbele, ukizidisha kinakataa kukata kona, kinakwenda mbele moja kwa moja hata ukikata usukani. Dawa yake ni kupunguza mafuta taratibu, kulegeza usukani kidogo, na kusubiri matairi ya mbele yashike tena. Altezza, inayosukumwa na matairi ya nyuma, mkia wake unatoka nje. Dawa yake ni kupunguza mafuta bila kushtua, kuacha kukanyaga breki kwa pupa, na kuzungusha usukani kuelekea unakotaka kwenda, macho yakiwa hukohuko.

Usidhani waliobobea walizaliwa wanajua. Ayrton Senna wa Brazil, bingwa wa dunia wa 1988, 1990 na 1991, alipokuwa kijana alifanya vibaya kwenye mashindano ya gokati yaliyokumbwa na mvua. Hakujificha. Kuanzia hapo kila mvua iliponyesha alitoka na gokati lake kwenda kufanya mazoezi. Baadaye dunia nzima ikamjua kama fundi wa mvua. Alikwenda kufanya kazi palepale alipokuwa dhaifu.

Shule yetu ya zamani

Na sisi watu wa Afrika Mashariki tusijione wageni katika hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba tena. Jiulize, wale saba walikuwa wenye spidi kubwa kuliko wote? Wengi wenye spidi walibaki kwenye matope.

Mfano ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyejifunza magari kwa kuwa fundi kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwishatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu aliyewahi kufungua injini kwa mikono yake anajua ni wapi pa kuilazimisha na wapi pa kuihurumia. Mwingine ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya familia yake ilipofukuzwa enzi za Idi Amin mwaka 1972. Mwaka uliofuata tu akashinda Safari, akiwa sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden. Kisha akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mara tano kwa jumla, na kila mara kwa kulifikisha gari salama.

Na dada zangu, msije mkadhani hili ni la kina kaka. Michèle Mouton wa Ufaransa alishinda Sanremo nchini Italia mwaka 1981, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari, msoma ramani wake akiwa mwanamke mwenzake, Fabrizia Pons. Hapa jirani, Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011 mbele ya wanaume.

Jambo moja la mwisho kuhusu Safari. Kwa miongo mingi ilikimbizwa kwenye barabara za kawaida, zenye mabasi na ng'ombe. Baada ya 2002 ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, ilikuwa kwenye njia zilizofungwa, hakuna basi wala mpita njia. Sasa kama Safari yenyewe, na madereva bora duniani, imekubali kwamba spidi ina mahali pake, sisi wa Bunju tunakimbizana na nani mbele ya mama muuza samaki?

Kiti cha pembeni nacho kina kazi

Kwa wanandoa hili ndilo somo tamu kuliko yote. Mwaka 1955 Muingereza Stirling Moss alishinda Mille Miglia ya Italia, takriban kilomita 1,600 za barabara, kwa saa 10 na dakika 7, wastani wa kilomita 157 kwa saa. Pembeni yake alikaa mwandishi wa habari Denis Jenkinson, aliyeandika njia nzima kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa ndani ya kiboksi. Kelele za injini zilikuwa kubwa, hivyo walielewana kwa ishara za mikono walizokubaliana mapema. Moss alipanda vilima asivyoona upande wa pili kwa sababu alimwamini mtu wa pembeni. Shekhar Mehta naye, kwenye baadhi ya mashindano, msoma ramani wake alikuwa mkewe Yvonne. Haya, nani alisema mke na mume hawawezi kuelewana ndani ya gari?

Msoma ramani wetu alitupa kanuni tatu, na nakupa bure:

Sema kabla, si baada. "Tuta mbele" inasaidia. "Uuuwi!" haisaidii mtu.

Taja kilichopo, si tabia ya mtu. "Bodaboda kushoto" ni taarifa. "Wewe siku zote ndivyo ulivyo" ni ugomvi, na ugomvi unaondoa macho barabarani.

Muwe na neno moja la kusimamisha. Letu ni "tosha". Yeyote akilisema, spidi inashuka hapohapo bila maswali. Mjadala, kama upo, unafanyika nyumbani baada ya chakula.

Neno hilo nimelitumia mara mbili tu. Mara zote mbili alipunguza. Ukitaka kujua kwa nini niliacha daladala, sababu ni hiyo.

Ukinogewa je?

Wapo watakaofanya mazoezi haya wakaonja utamu. Msirudi kuumalizia barabarani. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho kinachosimamia mchezo huu nchini kwa niaba ya shirikisho la dunia, FIA. Nenda kaulize kuhusu leseni ya mashindano, anza kama mtazamaji au msaidizi, utajifunza mengi kuliko unavyodhani. Ukipata safari ya Nairobi, uliza siku za otokrosi: njia fupi ya vumbi, gari moja moja dhidi ya saa. Kwenye mashindano gari linakuwa na fremu ya chuma ndani, mikanda ya mabega na kiuno, mtungi wa moto, dereva anavaa helmeti, na gari la wagonjwa linasubiri.

Bajeti ndogo? Hata michezo ya kompyuta yenye usukani inafundisha macho na subira. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la mchezo wa Gran Turismo mwaka 2011 akiwa na miaka 19, na mwaka 2013 alimaliza wa tatu kwenye daraja lake katika saa 24 za Le Mans. Pale kwenye skrini kosa halikugharimu hata senti.

Kabla hujawasha: dondoo za haraka

- Soma tarakimu nne za tairi. Zikionyesha tairi limezeeka, usidanganywe na kashata.
- Jaza upepo kama kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva kinavyosema, matairi yakiwa ya baridi.
- Matairi mapya ukinunua mawili tu, weka nyuma. Mkia ukishika, gari halikuzunguki.
- Toa chupa za maji na viatu chini ya miguu ya dereva.
- Mvua ikianza baada ya ukame, dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Mafuta na vumbi vinapanda juu ya lami.
- Fanya mazoezi mahali palipofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mtu anayejua zaidi yako.

Jumapili moja, miezi kadhaa baada ya yote hayo, tulikwenda Bagamoyo kula samaki. Kurudi nilishika usukani wa Altezza mimi. Mvua ikaanza Mapinga. Nikapunguza, nikatazama mbali, mikono kwenye 9 na 3, nikawa najitajia kimoyomoyo ni wapi ningesimama kama ingebidi. Kuna kijana akanipita kwa kasi akipiga honi. Nikamwacha aende zake.

Tulipoingia Bunju nikageuka kumwambia mume wangu kwamba ile meza ya samaki imehamia upande wa pili. Hakunijibu. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, miguu yote miwili imenyooka.

Hakuna sifa ya udereva iliyozidi hiyo. Je, wewe mpenzi wako analala?